Wiki Nzima Wamefanya Hiki Tu? Dhana na Ukweli wa Darasa la Kwanza

Ijumaa mchana pale getini huwa kuna mzazi mmoja au wawili wananisubiri, daftari mkononi, limefunuliwa ukurasa wenye mistari miwili. "Shikamoo mwalimu. Samahani, hivi wiki nzima wamefanya hiki tu?" Siwalaumu. Daftari ndicho kitu pekee cha darasani kinachofika nyumbani, ukiacha vumbi. Nafundisha darasa la kwanza katika shule ya serikali hapa Tanzania, na haya ndiyo maneno ninayoyasikia mara nyingi, pamoja na majibu ambayo pale getini sipati nafasi ya kuyamaliza.

"Daftari tupu, maana yake hawakufundishwa"

Tuchukue wiki ya sauti ya m. Irabu a, e, i, o, u tumeshazimaliza. Jumatatu hakuna anayeshika penseli. Nataja maneno, na mtoto anapiga kofi akisikia m mwanzoni. Mama, kofi. Kuku, kimya (ingawa hawakosekani wawili watatu wanaopiga kila neno, kwa furaha tu). Kisha tunaichora m hewani kwa kidole, halafu mgongoni kwa mwenzako, halafu nje mchangani. Vidole vya mtoto wa miaka sita bado ni laini kwa kazi ya penseli. Vinapata nguvu kwa kufinyanga udongo, kupanga vijiti na kutunga shanga, na kazi hizo hazibaki kwenye karatasi.

Jumanne tunaunganisha: ma, me, mi, mo, mu. Jumatano tunaunda maneno, na hapo ndipo Kiswahili kinapoonyesha ukarimu wake. Kwa konsonanti moja na irabu tano mtoto anapata mama, mimi, mia, uma, maua, umeme, umia. Alhamisi tunafika kwenye sentensi: "Mama ameumia." Kagua herufi moja moja, hakuna hata moja ambayo hajafundishwa. Mtoto ambaye Jumatatu alikuwa haijui m, Alhamisi anasoma habari kamili, tena ya kusikitisha, na darasa zima linataka kujua mama ameumia wapi. Mistari miwili unayoiona kwenye daftari ndiyo hiyo.

Na bado hatujaigusa m ya mti na mtu, ile inayosimama bila irabu. Aliyezoea ma, me, mi, mo, mu anaisoma "muti", na wapo ambao lugha ya nyumbani kwao inasema karibu hivyo hivyo. Unamkosoaje mtoto kwa neno analolisikia kwa bibi yake kila siku? Unamsikilizisha tena na tena mpaka asikie tofauti. Hilo nalo haliachi alama daftarini.

"Wangu anajua kusoma, kitabu chote anakimaliza"

Hili huletwa kwa fahari, na mimi ndiye ninayelazimika kuliharibu. Watoto wengi wanasoma kwa wimbo: wamelisikia darasa likiitikia ukurasa ule, wakaushika kichwani pamoja na picha. Mfunikie picha. Mwonyeshe neno la tatu badala ya la kwanza. Anza mstari wa chini upande juu. Akikwama, ujue alikuwa anaimba. Hakuna dhambi katika kuimba, ni hatua, ila haijawa kusoma.

Kuhesabu kuna hadithi ileile. Mtoto anatoka moja hadi mia bila kuvuta pumzi, baba anatabasamu. Mwambie akuletee vizibo saba vya soda. Ataleta tisa, au atanyanyua mkono uliojaa. Namba kwake bado ni shairi. Ndiyo maana darasani kwangu kuna mfuko wa vizibo, mbegu na vijiti. Na anayempiga mtoto vidole kwa sababu anavitumia kuhesabia namwomba aache: vidole ni vizibo ambavyo havipotei. Ataviacha mwenyewe siku kichwa kitakapokuwa na kasi kuliko mkono.

"Mwalimu hasahihishi, hafuatilii"

Hapa nijitetee kwa hesabu. Uwiano uliowekwa kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasa langu lina 90. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, yaani sekunde 1,800. Gawa mwenyewe: sekunde 20 kwa kila mtoto, ikiwa sitafundisha lolote, sitamfuta yeyote makamasi na hakuna atakayeomba kwenda chooni.

Kwa hiyo nasahihisha kwa zamu. Safu ya dirishani Jumatatu, ya katikati Jumanne, na kuendelea, na wale wanaochechemea nawapitia kila siku. Daftari lisilo na vema ya leo huenda zamu yake ilikuwa jana. Lisilo na vema hata moja kwa wiki mbili, hapo njoo tuongee.

"Kusoma kwa Kiswahili ni kupoteza muda, waanze na Kiingereza"

Kiingereza wameshaanza. Mtaala mpya ulioingia Januari 2024, huohuo unaofanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, umekileta somo tangu darasa la kwanza. Lakini tofautisha kujifunza Kiingereza na kujifunza kusoma. Kusoma ni kugundua kwamba alama kwenye karatasi ni sauti ya mdomoni, na ugunduzi huo mtu anaufanya mara moja tu maishani. Kiswahili kinaurahisisha mno: a ni a popote uikute, e ni e. Kiingereza kinamwambia mtoto huyohuyo kwamba a inaitwa "ei", e inaitwa "ii" na i inaitwa "ai". Siku ya kipindi cha Kiingereza huwa najua tu: kikifuata cha Kusoma, kuna atakayeniambia neno "mimi" linaandikwa kwa e mbili. Akishasimama imara kwenye mi, hatetereki tena. Aliyeanza na vyote viwili bila kuvielewa ndiye anayenipa kazi.

Herufi zilizogeuzwa zisikutoe jasho. Kuandika b badala ya d, au 3 inayotazama upande mwingine, ni jambo la kawaida kwa umri wa miaka mitano hadi saba. Na anayeandika kwa mkono wa kushoto aachwe na mkono wake. Mimi ninachofanya ni kumkalisha mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili viwiko visigombane.

"Siku moja kukosa si kitu"

Mtaani kwetu gulio ni Jumanne, na Jumanne rejesta yangu ina mapengo. Mtu mzima anaona amekosa siku moja kati ya tano. Rudi uangalie wiki ya m: aliyekosa Jumanne hana silabi, kwa hiyo Jumatano hana maneno, na Alhamisi anawatazama wenzake wakimwonea huruma mama ambaye yeye hajui amepatwa na nini. Wiki inayofuata ni sauti nyingine. Wengi wa wale wanaoitwa wazito wa kuelewa, nikifungua rejesta, nawakuta ni watoto wa Jumanne.

"Mchape tu mwalimu, nimekuruhusu"

Ruhusa hiyo, mzazi, huna ya kunipa. Kanuni za viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kwa kosa kubwa la nidhamu, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, labda shule iwe haina. Kushindwa kusoma "umeme" si kosa la nidhamu. Nami nimeshaona mtoto aliyechapwa kwa kutojua: wiki nzima hanyanyui mkono, hata kwa swali ambalo jibu analo.

Kuhusu elimu bila malipo, kwa ufupi, maana mjadala wake hauishi. Tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima haipo, na serikali inatoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mwezi. Sare, madaftari na penseli vilibaki kwa mzazi. Penseli hasa. Kila wiki nakata penseli moja vipande vitatu ili watoto watatu waandike.

"Darasa la kwanza wanatoka mapema, na wewe umepumzika"

Watoto wanatoka, kweli, na kelele inatoka nao. Zinabaki kazi za mezani: azimio la kazi (mpango wa muda mrefu wa kufundisha), andalio la somo (mpango wa kila kipindi) la wiki ijayo, rejesta, na kama ni wiki yangu ya zamu, ripoti ya zamu. Kadi za silabi sinunui. Nakusanya maboksi dukani kwa mangi na kuyakata Jumamosi nyumbani, mwanangu mkubwa akinisaidia kwa manung'uniko.

Jumatatu tunaingia sauti ya k. Nimeshaorodhesha maneno yanayopatikana kwa m, k na irabu: kaka, kuku, kima, mkeka, kikomo. Hilo la mwisho nimelikata, hata mimi sijui nitalichora vipi. Mkeka nimeuacha, na ndio ninaouogopa, kwa sababu ya ile m yake inayosimama peke yake. Nitaubeba wa nyumbani, niutandike mbele ya darasa, tuukalie wote tunaoweza kuenea, halafu ndipo tuandike.