Ametoka kituoni, na Agosti ndiyo hiyo

Kuanzia Juni, simu zinazoingia katika ofisi ya kituo chetu cha kurekebisha tabia huuliza jambo lile lile. Mtu amemaliza miezi mitatu ya matibabu ya ulevi, amerudi nyumbani Kimilili au Webuye, magharibi mwa Kenya, uso umenawiri, na jamaa wanataka kujua kama anaweza kuhudhuria tohara. Kila mwaka wa shufwa, Agosti ni mwezi wa Wabukusu kutahiri, na ni maboma machache yanayopokea wageni bila mtungi wa busaa, pombe yetu ya kienyeji ya nafaka. Swali lenyewe ni zuri. Shida ni kwamba huulizwa busaa ikiwa imeshaiva.

Pamoja na swali hilo huja malalamiko, na mwaka huu yamezidi: "Tulilipa, mkamrudisha, sasa anakunywa tena." Ndugu wananchi, kituo cha kurekebisha tabia si gereji. Miezi mitatu hutosha kuondoa pombe mwilini, kurudisha hamu ya chakula na kuanzisha mazungumzo ambayo familia ilikuwa imeyakwepa kwa miaka. Usingizi na hasira huchukua miezi zaidi kutulia. Hata kitabibu, mtu huhesabiwa kuwa katika nafuu ya mapema akimaliza miezi mitatu bila dalili za uraibu, na nafuu ya kudumu huhesabiwa baada ya mwaka mzima. Tena dalili moja imeachwa nje ya hesabu hiyo, nayo ni hamu ya kunywa. Inaweza kubaki na mtu bado akawa katika nafuu. Kwa hiyo anayewaambia nyumbani "leo nimeitamani" hajashindwa, na asiaibishwe kwa kusema ukweli.

Siku ya kuruhusiwa, tafadhali msitume bodaboda kumchukua. Aje mtu wa nyumbani akae na mshauri, na wasiondoke bila karatasi yenye mambo manne: majina ya dawa na dozi zake, tarehe ya kurudi kliniki (tunapendekeza isizidi siku saba), jina la mtu atakayempigia hamu ikimzidi, na hatua za kuchukua akiteleza. Mahudhurio yanayofaa ni kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kila baada ya wiki mbili kwa miezi miwili inayofuata, kisha mara moja kwa mwezi hadi mwaka utimie. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambamo walevi husaidiana kuacha pombe, havitozi ada, na familia zina vikundi vyao vya Al-Anon. Anayeishi mbali na kliniki anaweza kupiga 1192, nambari isiyolipiwa ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, mchana au usiku.

Sasa dawa, kwa sababu ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa. Yafuatayo ni maelezo ya jumla, na dozi huamuliwa na aliyempima mgonjwa.

Disulfiramu, ambayo wengi huijua kama Antabuse, haiondoi hamu. Inazuia mwili usimalize kazi ya kuvunja pombe, hivyo sumu ya katikati iitwayo asetaldehidi hujikusanya: uso huwaka, moyo hudunda, kichwa huuma, mtu hutapika, na shinikizo la damu huweza kushuka hadi azirai. Dozi ya kawaida ni miligramu 250 kwa siku, na haianzishwi kabla ya saa 12 kupita tangu pombe ya mwisho. Nguvu yake huweza kubaki hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Kuacha vidonge Alhamisi ili Jumamosi ukae mtungini ni kujitafutia kitanda wodini. Soma pia vibandiko vya dawa za kikohozi na za kusukutua mdomo, kwani baadhi zina alkoholi.

Halafu kuna ombi tunalolipata karibu kila wiki: "Tupeni ile ya kuweka kwenye chai asijue." Jibu ni hapana, na mwezi ujao litakuwa hapana. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinataka ridhaa ya mgonjwa kabla ya kumpa huduma. Sheria kando, asiyejua amemeza nini atakunywa kama kawaida yake, na kama moyo wake una shida anaweza kufa. Mke au mama anayefanya hivyo kwa mapenzi atakuwa na mengi ya kueleza.

Naltreksoni ni tofauti. Humezwa miligramu 50 mara moja kwa siku, ini likiwa limepimwa kwanza, na hupunguza hamu pamoja na ile raha ya glasi ya kwanza. Haimtapishi mtu akinywa. Ila huzuia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kama mofini na kodeini. Asiianze ikiwa ametumia dawa hizo ndani ya siku 7 hadi 10, na akishaianza abebe kikaratasi ndani ya pochi, pamoja na kitambulisho, kinachosema anaitumia. Akianguka na pikipiki, wahudumu wa dharura watahitaji kujua hilo mapema. Na wale wanaosema "ameokoka, dawa za nini?", tunawaheshimu na kanisa tunalihitaji sana katika kazi hii, lakini mgonjwa wa sukari akiokoka hatumnyang'anyi insulini.

Turudi kwenye sherehe. Mtungi huwekwa katikati, maji moto huongezwa kila mara, na wazee hukaa kuuzunguka kila mmoja na mrija wake. Kinachomrudisha mtu hapo mara nyingi ni kile kiti kilichoachwa wazi na mjomba anayesema "njoo, ni mmoja tu wa heshima", na kukataa huonekana kama kumdharau mwenye boma. Mzigo huo usibebwe na mgonjwa. Baba au kaka mkubwa aende kwa mwenye sherehe siku kadhaa kabla, aseme wazi: "Mzee, huyu kijana wetu hanywi, usimwite mtungini." Likisemwa na mkubwa wake, hakuna anayeliona kuwa kiburi.

Ushauri wetu kwa aliye chini ya siku 90 tangu atoke ni asiende kabisa. Atume mchango kwa simu na akasalimie wiki ikipita. Aliyezidi hapo aende mchana, ameshiba, na mtu anayejua hali yake, na usafiri wa kurudi ulipwe kabla ya kutoka nyumbani. Ashike chupa yake ya soda au maji aliyoifungua mwenyewe. Apewe kazi iliyo mbali na mtungi, kama kuandika wageni au kuegesha magari, na aondoke kabla ya giza. Hamu ikipanda, kwa kawaida hushuka ndani ya dakika 15 hadi 30 isipolishwa: atoke mahali hapo, ale kitu, apige simu, aangalie saa. Njaa, hasira, upweke na uchovu huiongezea nguvu, na mkesha wa sherehe humletea mtu angalau mawili kati ya hayo manne. Matanga yachukuliwe vivyo hivyo. Maziko ya mchana aende, mkesha wa usiku auache.

Siku ya malipo ni hatari kuliko sherehe, ingawa haina ngoma. Abadilishe njia kama ile ya kawaida inapita kwa mama pima, yaani muuza pombe ya kienyeji, na kwa miezi ya mwanzo apokee malipo akiwa na mtu, kwa makubaliano yake mwenyewe. Kumnyang'anya simu na kitambulisho si makubaliano.

Kuhusu kazi, waajiri na wafanyakazi wote hutuuliza kwa kuchelewa. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Siku 90 hazitoshei humo. Ruhusa iliyobaki ijadiliwe na iandikwe kabla ya kuingia kituoni. Kuonekana mlevi kazini kiasi cha kushindwa kufanya kazi ni sababu ya kufutwa papo hapo chini ya kifungu cha 44, lakini kifungu cha 41 kinataka kwanza aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama.

Upande wa barabarani, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, kifungu cha 33, inaruhusu polisi kumkamata bila hati mtu aliyelewa na kufanya fujo hadharani. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Anayehukumiwa zaidi ya mara tatu ndani ya miezi 12 anaweza kuamriwa na mahakama aende kurekebishwa katika hospitali ya umma kwa gharama yake. Wengi huitaja ile shilingi 500 na kucheka. Wachache husoma sentensi inayofuata.

Akiteleza je? Glasi moja usiku mmoja: apigiwe mshauri kesho yake asubuhi, miadi isogezwe mbele, na aseme ilivyoanza. Hakuna haja ya kikao cha ukoo. Ikiwa amekunywa kwa siku kadhaa mfululizo, msimfungie chumbani "mpaka imtoke". Degedege la kuacha pombe ghafla huja kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho, na kuchanganyikiwa kwa kutetemeka, jasho na kuona visivyopo huja kati ya saa 48 na 96. Hali hiyo huua, na mahali pake ni hospitali. Kama alikunywa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, na macho yanaona ukungu siku ya pili, hata kama amekaa anaongea vizuri, shuku methanoli, alkoholi yenye sumu, na msingoje asubuhi.

Akirudi kituoni, aende na karatasi ile ya kwanza, vidonge vilivyobaki na tarehe aliyoteleza. Mara nyingi hatahitaji miezi mitatu mingine. Mshauri atapanga kulingana na kilichokosekana nyumbani, ndiyo maana tutamwita pia yule jamaa aliyekuja kumchukua.