Something Awful: yanayosemwa na yaliyokuwa

Richard Kyanka wa Marekani alianzisha tovuti ya vichekesho ya Something Awful mwaka 1999. Wengi wanaijua kwa kusikia tu, na wanayosikia mara nyingi si sahihi.

Dhana: kila mtu aliandika atakalo, hapakuwa na sheria.

Ni kinyume kabisa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaunti ya jukwaa lake la mijadala ililipiwa dola 10, mara moja. Aliyetaka kutafuta maandishi na kutuma ujumbe wa faragha aliongeza 10. Aliyetaka kusoma nyuzi (mijadala) za zamani, 10 nyingine. Mgeni asiye na akaunti aliona matusi yamegeuzwa maneno ya adabu.

Kosa dogo lilimnyima mtu ruhusa ya kuandika kwa muda, akabaki msomaji. Kosa kubwa lilifunga akaunti, na kurudi ni kulipa tena dola 10. Mkosaji sugu alifungiwa daima. Kila adhabu iliwekwa kwenye orodha ya wazi: jina la mkosaji, sababu, msimamizi aliyeitoa, na kiungo cha alichoandika. Ada haikuzuia ukatili, na ukatili ulikuwepo mwingi. Ilichopunguza ni uvivu: aliyelipia alifikiri kwanza kabla ya kujaza uzi wa watu kwa neno moja lisilo na maana. Bila kulielewa hilo, huwezi kueleza kwa nini ubunifu mwingi wa intaneti ulitokea pale.

Dhana: Slender Man ni zimwi la hadithi za kale za Ujerumani.

Alizaliwa Something Awful, tarehe 10 Juni 2009. Kulikuwa na uzi uliowaalika wanachama kutengeneza picha za mauzauza zinazoweza kuaminika. Eric Knudsen, kwa jina la Victor Surge, aliweka picha mbili za watoto, nyeusi na nyeupe, akiwa amechomeka kwa nyuma mtu mrefu mno asiye na uso. Nguvu yake ilikuwa maelezo ya chini: mwaka wa miaka ya 1980, na mpigapicha anayedhaniwa kufa. Wenzake wakadakia, kila mmoja na "ushahidi" wake, ikiwemo michongo ya kale ya mbao iliyorekebishwa kwa kompyuta. Michongo hiyo ilipozunguka bila uzi wake, watu wakaiamini. Uzushi wa "hadithi ya kale" umetoka humo.

Dhana: 4chan, jukwaa la picha na mijadala, ni tawi la Something Awful.

Christopher Poole, aliyeianzisha Oktoba 2003 akiwa na miaka 15, alikuwa mwanachama wa Something Awful, na watumiaji wa kwanza aliwatoa huko. Lakini 4chan haikudai ada wala jina, na nyuzi zake zilifutika. Kanuni hizo ni tofauti kabisa.

Dhana: Something Awful ilishakufa.

Kyanka aliiuza kwa mwanachama mmoja mwaka 2020, akafariki Novemba 2021. Jukwaa likaendelea.

Dhana: "Let's Play", yaani kuwaonyesha wengine mchezo wa kompyuta unavyoucheza huku ukiuelezea, ilianzia YouTube.

Kabla ya video, wanachama walicheza mchezo mzima wa kompyuta kwa picha za skrini, na chini ya kila picha maelezo au kichekesho. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: picha zilihifadhiwa kwenye tovuti za nje, na zile zilipofungwa uzi ulibaki maandishi matupu. Ndiyo maana wanachama walijenga LP Archive (LP ni Let's Play), tovuti inayohifadhi maandishi na picha pamoja.