Betri ya boti hufa kwa njaa: hesabu, waya na joto pale Mtera

Maji ya Bwawa la Mtera yanazungusha mitambo ya megawati 80 pale bwawani, kisha yanateremka hadi Kidatu kuzungusha ya megawati 204. Aliye juu ya maji hayo usiku anategemea betri ya N70, yaani ya gari yenye ampea-saa 70, na paneli moja ya sola. Betri hiyo ikifa mapema, watu husema ilikuwa feki. Zipo feki, sikatai, ila mara nyingi imekufa kwa njaa: kila siku inarudishiwa pungufu ya ilichotoa.

Chukua boti yenye taa mbili za LED za wati 10, zinazowaka saa tisa. Hizo ni wati-saa 180. Weka 30 za simu na redio, jumla 210, yaani kama ampea-saa 17.5 kwa betri ya volti 12. Betri ya asidi haikurudishii yote unayoitia, kwa hiyo kujaza 17.5 kunahitaji kama 21. Paneli ya wati 100 hutoa karibu ampea 5.5. Kwa saa tano za jua kali unapata 27, inatosha. Paneli ya wati 50 inakupa 14 tu. Betri ya ampea-saa 70 haitakuonyesha tatizo usiku wa kwanza wala wa pili. Kufikia usiku wa nne utakuwa umefika nusu yake, na betri ya gari, yenye pleti nyembamba za kupiga stata, haivumilii kushushwa hivyo mara kwa mara. Salfeti, ule ukoko unaojengeka betri inapotoa umeme, ikibaki kwenye pleti inakuwa ngumu, na baadaye hata chaji haiiyeyushi.

Sasa unaweza kuwa na paneli kubwa na betri bado ikalala njaa. Hapa wengi hulaumu kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachodhibiti chaji, wakati kosa liko kwenye waya. Tuseme kontrola iko mbele ya boti na betri iko shetri, mita nne. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita nane. Ukitumia waya wa 1.5 (unene wa milimita za mraba 1.5), ule wa taa za nyumbani, ampea 5.5 zinapoteza zaidi ya nusu volti njiani. Kontrola inaona 14.4, inadhani betri imekaribia kujaa na kuanza kupunguza umeme, kumbe kwenye nguzo za betri kuna 13.9. Betri itaendelea kujaa, ila polepole, na jua halimsubiri mtu. Waya wa 6 kwa umbali huohuo unapoteza kama volti 0.14. Bora zaidi, funga kontrola nusu mita kutoka kwenye betri, halafu urefu ubaki upande wa paneli, ambako volti za ziada zipo.

Usiamini taa ya kijani ya kontrola. Weka multimita kwenye nguzo zenyewe za betri, si kwenye kontrola, jua likiwa kali. Betri imejaa pale inapokaa kwenye 14.4 huku ampea zinazoingia zimeshuka hadi karibu 1.4, yaani asilimia 2 ya ukubwa wake. Ukitaka kupima ikiwa imetulia, zima kila kitu na iache saa chache: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.9 umeshaiumiza.

Hiyo 14.4 ni ya nyuzi joto 25. Sanduku la betri lililoachwa juani Dodoma hufika 40 bila shida, na kwa kila nyuzi moja inayozidi unapunguza volti 0.018. Kwa nyuzi 40 lengo ni kama 14.1. Usipopunguza, betri inachemka, maji yanakauka na pleti zinabaki nje. Ongeza maji yaliyotoneshwa (distilled) peke yake, kamwe usiongeze asidi. Sanduku liwe kivulini, juu ya ngama (maji yanayokusanyika chini ya boti), na liwe na matundu upande wa juu, maana gesi inayotoka wakati wa kuchaji inalipuka kwa cheche moja.

Fyuzi iwe sentimita 20 au pungufu kutoka nguzo chanya. Ampea 15 zinatosha kwa waya wa 2.5. Tumia waya wa nyuzi nyingi. Wa uzi mmoja hukatika ndani kwa mtetemo wa mashine huku ganda likiwa zima, na utautafuta mpaka uchoke. Unapounganisha, betri kwanza kwenye kontrola, kisha paneli. Unapofungua, paneli kwanza.

Mashine ya boti inayowashwa kwa kuvuta kamba usiitegemee kuchaji. Nyingine hazina koili ya umeme kabisa. Zenye nayo mara nyingi hazina kidhibiti, na ukikaza mwendo volti hupita 15.

Kiangazi, upepo wa vumbi ukianza, futa paneli kila asubuhi kwa kitambaa kibichi kabla haijapata moto. Boti ikipandishwa nchi kavu kwa wiki kadhaa, jaza betri, chomoa waya wa hasi, iweke ndani penye ubaridi, na ipime kila mwezi. Ikisoma chini ya 12.4, irudishe kwenye chaji ya paneli siku hiyohiyo.