Je, wajua kwa nini mchanga hujichora ukisikia sauti?

Chukua bamba jembamba la shaba, la mraba, lililokazwa katikati kwa skrubu. Linyunyizie mchanga mkavu, kisha pitisha upinde wa fidla ukingoni mwake, kama mpiga taarabu anavyousugua uzi. Bamba linalia. Mchanga unarukaruka, unakimbia huku na huku, na punde umejipanga wenyewe: nyota, msalaba, au mapindo kama nakshi ya mlangoni. Hakuna mkono uliochora.

Siri ni kwamba bamba linapolia halitikisiki lote sawasawa. Kipande kimoja hupanda huku jirani yake akishuka, mara mamia kwa sekunde. Baina ya anayepanda na anayeshuka lazima pawe na mstari usiokwenda popote. Mchanga ulioko penye mtikiso hurushwa tena na tena mpaka uangukie mstarini, na hapo hakuna cha kuurusha. Kwa hiyo lile umbo linatuonyesha mahali bamba liliponyamaza. Mimi hapo ndipo ninapouona uzuri wenyewe: sauti imechorwa na ukimya wake.

Gusa ukingo kwa kidole, na mahali hapo patalazimika kutulia. Sauti itabadilika, na umbo pia. Sauti ikizidi kuwa nyembamba, mistari huongezeka na kusongamana.

Robert Hooke wa Uingereza aliliona jambo hili mwaka 1680 kwa unga juu ya kioo, lakini Mjerumani Ernst Chladni ndiye aliyelichunguza kwa kina na kuchapisha michoro yake mwaka 1787. Alipomwonyesha Napoleon, mtawala wa Ufaransa, mjini Paris, zawadi ilitangazwa kwa atakayeyaeleza maumbo hayo kihisabati. Aliyeitwaa, mwaka 1816, baada ya kujaribu mara tatu, ni Sophie Germain, mwanamke aliyenyimwa nafasi ya kusoma chuoni kwa sababu ya jinsia yake. Hesabu yake ilikuwa na kasoro, na mwanafizikia Mjerumani Gustav Kirchhoff aliikamilisha mwaka 1850. Lakini njia ilikwisha kufunguliwa.

Mpaka leo wapo mafundi wa fidla wanaonyunyiza chengachenga juu ya ubao kabla ya kuugundisha, kisha wanautikisa kwa sauti. Mstari ukipinda upande mmoja, wanajua pa kukwangua.