Barabara za vihambani hazitaki mazoea ya mjini

Ukitaka kuonja utamu wa kuendesha gari Kilimanjaro, toka Moshi mjini saa 12 na nusu asubuhi, nenda hadi Himo, kunja kushoto, panda Marangu. Hadi Himo jua litakupiga usoni, kwa hiyo kioo cha mbele kifutwe nje na ndani usiku wa kuamkia safari. Utando wa ndani hauonekani mpaka jua likuelekee, na hapo huoni kingine chochote. Ukishakunja ni vihamba, yaani mashamba ya migomba ya Wachaga, pande zote, kona, na mlima uko wazi. Kufika saa 4 mara nyingi mawingu yameshaufunika. Wa Arusha aamke mapema zaidi, maana zile kilometa 80 za kufika Moshi ni malori na matuta, huwezi kuziita matembezi.

Dereva aliyezoea foleni ya Sakina, Arusha, namjua kwa mguu wa kushoto: haubanduki kwenye klachi. Mjini tabia hiyo inakula beringi polepole, mlimani inaunguza pleti siku hiyo hiyo. Ukisimama kwenye mwinuko, vuta hendibreki, ingiza gia ya kwanza, achia klachi mpaka injini ibadili sauti na gari litake kwenda, ongeza mafuta kidogo, ndipo ushushe hendibreki. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pa kusimama uache klachi ipoe. Kuendelea kupanda "taratibu" hakusaidii, kwa sababu pleti iliyopata moto inateleza, na kuteleza kunaongeza moto.

Halafu kuna suala la pumzi. Moshi mjini iko mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari, lango la hifadhi pale Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwa hiyo kigari cha cc 1,300 chenye watu watano kikichoka juu ya Marangu Mtoni, usikimbilie kumlaumu fundi. Rudisha gia mapema, kabla injini haijaanza kutetemeka.

Ila kupanda hakuna hatari kubwa. Kushuka ndiko kwenye kazi, na hapa naomba usome polepole. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kama ulipanda kwa gia ya pili, shuka kwa ya pili, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Magari mengi ya otomatiki yana namba 2 na herufi L kwenye gia kwa ajili hiyo hiyo. Watu wanakaa na gari miaka mitano hawajawahi kuzigusa. Breki kanyaga kwa nguvu kiasi, punguza mwendo, achia kabisa, acha injini ishike. Ukiulaza mguu kwenye pedeli mteremko mzima, pedi hazipati nafasi ya kupoa. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 hivi, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedeli inazama hadi chini huku gari likienda. Ndiyo maana nasisitiza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kuongezea tu kwenye kikopo hakuondoi unyevu.

Na wale wa kushuka na nyutro kubana mafuta: gari la injekta likishuka ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta inafunga injekta, halinywi kitu. Kwenye nyutro linakunywa ili lisizimike. Mnatafuta hasara mbili kwa mpigo: mafuta yanaenda, na breki zinabaki zikishika gari peke yake. Kuzima injini ni kubaya zaidi, kwani baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu pedeli inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani nao unakuwa mzito.

Bodaboda wengi wanashuka hivyo hivyo, wamezima. Hutawasikia. Kwenye kona iliyofunikwa na migomba piga honi fupi, shika kushoto, na redio iwe chini, maana masikio nayo yana kazi. Ukiona majani mabichi yametupwa barabarani vipande vipande, kuna gari limeharibika mbele. Punguza mwendo hapo hapo, usingoje kuliona. Kwenye njia nyembamba anayepanda apewe nafasi, kwa sababu kuondoka tena kwenye mwinuko ni kugumu kuliko kusubiri. Mama aliyejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe hawezi kugeuza shingo akakutazama. Mpite kwa mwendo wa miguu.

Matairi usiyakague kwa kashata, yaani michoro ya mpira inayogusa barabara, pekee. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira umeshakauka, likapasuka kwenye kokoto. Kwa vumbi na mawe, gari dogo la upepo wa PSI 32 lishushe hadi 27 au 28, halitaruka sana. Ukirudi lami jaza kabla ya kukimbia, la sivyo ubavu unachemka.

Masika, njia za udongo za Uru na Kibosho zinateleza kama sabuni. Ingia na gia ya pili, mwendo uleule, usikanyage breki katikati ya matope. Kama huna fowili, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, bakia kwenye lami, hakuna aibu.

Ukirudi mjini gari lina vumbi na vijana wa kuosha wanakupungia. Gusa rimu kwa mgongo wa mkono kwanza. Ikiwa bado ya moto, wasimwagie maji huko, kwani diski yenye joto ikipigwa na maji baridi inaweza kupinda, na wiki ijayo usukani utatetemeka kila ukishika breki. Waambie waanze na vioo.