Karela na ujauzito: maswali na majibu

Karela ina faida gani hasa?

Karela, lile tunda chungu la jamii ya matango lenye ngozi ya makunyanzi, ni mboga nzuri kwa mtu mwenye afya. Gramu 100 za karela mbichi zina kalori 17 hivi tu, nyuzinyuzi, na vitamini C ipatayo miligramu 84, yaani karibu mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima. Ukiichemsha sana, sehemu ya vitamini hiyo hupotea. Ukiizamisha kwenye mafuta, zile kalori 17 zisahau.

Ni kweli inashusha sukari?

Inaweza kushusha kiasi. Ndani yake mna kemikali iitwayo charantini, na pia protini ndogo inayofanya kazi kwa namna inayofanana na insulini. Utafiti wa Thailand uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa miligramu 2,000 za karela kavu kwa siku zilishusha sukari kidogo, ila hazikufikia metformini, kidonge cha kisukari, ya miligramu 1,000. Mwaka uliofuata, mapitio ya Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za tiba, yalihitimisha kwamba ushahidi wa kuitumia kutibu kisukari cha aina ya pili hautoshi. Kwa hiyo anayekwambia uache vidonge unywe juisi ya karela anakuponza.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Ukichanganya juisi hiyo na insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, kisha kuchanganyikiwa. Hapo mgonjwa apewe kitu chenye sukari mara moja, maadamu anaweza kumeza. Akipoteza fahamu, asilishwe kitu, awahishwe hospitali.

Nina mimba. Naweza kula?

Ushauri wangu ni uiache mpaka ujifungue. Mbegu za karela zina protini ziitwazo momorcharini, ambazo katika majaribio ya maabara ziliharibu mimba za panya. Isitoshe, katika tiba za asili za jamii mbalimbali mmea huu umetumika kuleta hedhi na kutoa mimba. Hakuna mtafiti atakayewapa wajawazito karela kwa makusudi ili aone kitakachotokea, kwa hiyo kipimo salama cha mjamzito hakijulikani. Mboga za kula ziko tele. Hii haina kitu ambacho mtoto tumboni atakikosa.

Juisi, chai ya majani, unga na vidonge ndivyo vya kuogopwa zaidi. Karela zinazotosha mlo wa watu kadhaa zinaweza kusagwa zikaingia glasi moja, pengine na mbegu zake.

Nilikula kabla sijajua nina mimba. Nifanyeje?

Usihangaike. Vipande vichache vya karela iliyopikwa, tena iliyotolewa mbegu, si sababu ya kudhani mimba imeharibika. Acha kuanzia sasa, na umweleze mkunga au daktari unapokwenda kliniki. Ila ukiona damu, au tumbo likikukaza na kuuma vikali, usingoje tarehe ya kliniki: nenda hospitali siku hiyohiyo, uwe umekula karela au hujala. Kama ulikuwa unakunywa juisi au vidonge vyake, taja kiasi na siku.

Nimeambiwa nina kisukari cha mimba. Si ndiyo dawa yangu hii?

Hapa ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu sifa ya karela na tatizo la mama vinaonekana kukutana. Kisukari cha mimba hudhibitiwa kwa mpangilio wa chakula, mazoezi mepesi na kupima sukari, na ikibidi insulini au metformini chini ya uangalizi wa daktari. Dawa hizo zina kipimo. Glasi ya karela haina: uchungu wake na nguvu yake hubadilika kwa aina, ukomavu na namna ilivyoandaliwa.

Lakini si ina foleti, vitamini ambayo mjamzito anaihitaji?

Inayo, sawa na mboga nyingine nyingi za majani na maharage. Vidonge vya asidi ya foliki (foleti ya kutengenezwa), mikrogramu 400 kwa siku kwa wanawake wengi, ndivyo vinavyopendekezwa kuanzia kabla ya kushika mimba.

Na ninayenyonyesha?

Taarifa za usalama wake kwa mtoto anayenyonya ni chache mno. Usitumie vidonge wala juisi yake kama dawa.

Nani mwingine ajihadhari?

Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, asile mbegu zake, kwani zina visini, kemikali ambayo kwa watu hao inaweza kusababisha chembe nyekundu za damu kupasuka. Watoto wasipewe juisi au chai yake. Wapo waliozimia kwa sukari kushuka. Na kama unasubiri upasuaji, acha kuitumia wiki 2 kabla, na mwambie daktari wa usingizi kwamba ulikuwa unaitumia.