Feni ya Mgodi Huitupa Wapi Gesi?

Nikifundisha usalama kwa wachimbaji wa dhahabu huku Ikolomani, Kakamega, swali hili halikosi: "Mwalimu, mbona migodi ya nchi za nje hulipuka kwa gesi, na mashimo yetu hayalipuki?"

Jibu liko kwenye mwamba. Dhahabu ya Kakamega, Siaya na Migori imo katika miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, enzi ambazo mimea haikuwepo duniani. Kwa upande wa hewa, kinachoua shimoni mwetu ni uhaba wa oksijeni na moshi wa pampu za petroli, wenye gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. (Pampu ikae juu, jamani. Hilo sitachoka kulisema.)

Migodi inayolipuka huko nje ni ya makaa ya mawe, na makaa ya mawe yalikuwa mimea. Ilizikwa, ikashindiliwa, ikapashwa joto kwa mamilioni ya miaka, na humo methani ikazaliwa, gesi ileile inayochemsha chai kwenye nyumba zenye mtambo wa bayogesi. Imenata katika vitundu vidogo mno ndani ya makaa, ikashikiliwa na uzito wa mwamba na maji. Ukichimba, mgandamizo hushuka na gesi hufoka kama soda iliyofunguliwa. Tani moja ya makaa ya karibu na uso wa ardhi yaweza kuwa na chini ya mita moja ya ujazo ya gesi. Yaliyo chini sana yaweza kuzidi mita 10.

Methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha. Kwenye mgodi wa makaa wa Wankie, Zimbabwe ya leo, mlipuko wa Juni 1972 uliua watu zaidi ya 420. Ndiyo maana migodi ya makaa hufungwa feni kubwa za kuingiza hewa safi na kutoa nje yenye gesi, hadi gesi ishuke chini ya asilimia 1.

Kwa miaka mingi taaluma yetu iliishia hapo: mchimbaji akitoka salama, kazi imekwisha. Lakini gesi imehama tu, kutoka handakini hadi angani. Chukua feni inayotoa mita 100 za ujazo za hewa kila sekunde, yenye nusu asilimia tu ya methani. Kwa siku moja hizo ni mita 43,200 za ujazo za methani, karibu tani 29. Na kwa kipimo cha miaka 20, tani moja ya methani hupasha dunia joto mara zaidi ya 80 kuliko tani ya hewa ya ukaa.

Ugumu ni kwamba gesi iliyochujuka kiasi hicho haiwaki. Ipo mitambo inayoipitisha kwenye vigae vya kauri vyenye joto la karibu nyuzi 1,000 ili iungue bila mwali. Mgodi wa West Cliff, Australia, uliendesha mmoja tangu 2007. Ni ghali. Mimi naona busara zaidi kutoboa visima kwenye tabaka la makaa kabla ya kuchimba na kuifyonza gesi kabla haijachanganyika na hewa nyingi, iendeshe jenereta. Mchimbaji naye hunufaika, maana atakuta gesi imepungua.

Haya yanatuhusu, kwa kuwa Kenya ina makaa ya mawe katika bonde la Mui, Kitui. Kupima gesi iliyomo kwenye makaa si miujiza. Kipande cha makaa kikitoka tu kwenye bomba la kutobolea, hutiwa ndani ya kopo la chuma lisilopitisha hewa. Mpira mwembamba huongoza gesi hadi kwenye silinda ya maji yenye alama, nawe unasoma maji yanavyosukumwa chini, saa baada ya saa, kwa siku kadhaa. Mwishowe kipande husagwa ili kitoe kilichobaki.

Ndugu zetu wa Kitui wakiletewa mpango wowote wa mgodi wa chini ya ardhi, waulize namba hiyo: mita ngapi za ujazo kwa kila tani? Ikiwa kubwa, visima vya kufyonza gesi viandikwe kwenye mkataba kabla ya feni ya kwanza kununuliwa.